Uliza Fundi: Kiwanja chetu nusu mwamba, nusu matete

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, naishi Mwanza na mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Mama magoti yamemchoka, ngazi kwake ni vita. Tulinunua kiwanja Luchelele, upande wa ziwani. Upana mita 30, urefu mita 95 kutoka barabarani hadi majini, na chote kinateremka. Katikati kuna jiwe moja kubwa, limezidi kimo cha nyumba tunayopanga sasa. Chini ya jiwe ni udongo mweusi, halafu matete, halafu ziwa. Tulipokinunua, karibu na matete kulikuwa na mwembe umesimama pakavu. Mwaka 2024 maji yalipanda mpaka mwembe ukawa ndani ya ziwa, na umekauka.

Baba watoto ameleta ramani aliyoipata kwenye simu, nyumba ya vioo vitupu ya ufukweni. Anataka tuijenge kule chini, "tukifungua mlango tu tunaliona ziwa." Fundi tuliyemwita anasema kazi ni ndogo: lile jiwe tulichome moto tulipasue, kifusi tujazie kule chini pawe sawa, tumwage jamvi la zege. Mama mkwe anasema jiwe lisiguswe, ila hasemi kwa nini. Fedha yetu ni akiba na mkopo wa kikundi, hatuwezi kujenga mara mbili. Tujenge wapi, na jiwe tulifanye nini? Halafu nasikia kule jioni wadudu wa ziwani wanaingia mpaka kwenye ugali.

Muuguzi, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu. Mwangaluka kwa mama mkwe, maana katika barua yako yote ni yeye peke yake niliyekubaliana naye tangu mstari wa kwanza.

Lakini nianze na baba watoto, kwa sababu ramani yake ndiyo yenye hasara ya haraka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba ni ya kudumu, hapo hakuna maneno ya kuzungusha. Atakwambia wapo waliojenga karibu zaidi na wanakula sato barazani kila Jumapili. Wapo kweli. Wengine walitangulia kabla ya sheria, wengine wana vibali wanavyovijua wenyewe, na wengine wanalala na alama ya X ya kubomolewa ukutani. Mtu anayejenga kwa mkopo wa kikundi hana sababu ya kujiunga nao. Kabla mchoraji hajashika kalamu, beba karatasi zako nenda kwa watu wa ardhi na mipango miji wa halmashauri ya jiji, ulizia na NEMC, baraza la taifa la mazingira, mwombe mtu aje saiti awaonyeshe mstari unapita wapi.

Akija, muulize hivi: hizo mita 95 zilipimwa ziwa likiwa wapi? Kama bikoni ya chini, yaani alama ya mpaka upande wa ziwa, iliwekwa maji yakiwa yamerudi nyuma, basi mnajidanganya. Mimi ningechukua mwembe wenu kama ushahidi. Tuseme ulipo mwembe ni mita nane kupanda kutoka bikoni ya chini. Toa nane, toa sitini, mnabaki na mita 27 kuanzia barabarani. Kwa upana wa mita 30, hapo inaenea nyumba ya vyumba vinne, uwanja wa watoto, na pa kuanikia dagaa.

Watu hulidharau ziwa hili kwa sababu halipwi na kujaa kila siku kama Bahari ya Hindi. Linapwa na kujaa, ila linatumia miaka. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilishuka sana, watu wakalima pale palipokuwa maji. Mwaka 2020 likarudi juu, na 2024 likarudi tena, likapita kidogo hata kile kimo cha miaka ya sitini. Maji yake mengi hayaletwi na mito; ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile kule Jinja. Masika na vuli zikizidi mfululizo, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye mashamba ya watu. Tena kilele hakiji siku ya mvua kubwa. Kinakuja Mei au Juni, mvua imeshakata na kila mtu anajiona amepona. Pale chini kwenu, kama ardhi inashuka mita moja kwa kila mita kumi, ziwa likipanda mita mbili linakula mita ishirini za kiwanja. Ndivyo mwembe wenu ulivyoliwa.

Sasa hiyo hoja ya kufungua mlango na kuliona ziwa. Mwambie abebe kiti akakae pale anapotaka sebule, saa kumi jioni. Ataona matete. Yamemzidi kimo, na akiyafyeka yataota tena kabla hajamaliza kupaka rangi. Kisha apande na kiti chake hadi mita kumi na tano kutoka barabarani, akae. Ataona maji ya ghuba yote mpaka ng'ambo ya Sengerema, ataona na mitumbwi inayotoka kwenda kutega. Anayekaa juu analiona ziwa, anayekaa chini anawasikia vyura. Sijui kwa nini jambo hili watu hawalipimi kwa kiti kabla ya kulipima kwa saruji.

Na hiyo ramani ya simu, aiweke tu kama picha. Nyumba za ufukweni zinazosambazwa huko zimechorwa kwa ajili ya bahari. Adui wa kwanza wa bahari ni chumvi: inakula nondo ndani ya zege, inakula bati, inakula bawaba za milango, ndiyo maana wao huweka alumini na vioo kila mahali. Ziwa letu ni maji baridi, chumvi hiyo hatuna. Sisi tuna jua la jioni, upepo wa dhoruba na radi, na kwa hayo matatu nyumba ya vioo vitupu ni tanuri.

Tuje kwenye jiwe. Mawe ya Mwanza yalikuwa mwamba mmoja mkubwa chini ya ardhi. Mwamba ulipasuka kwa mistari, maji yakaingia kwenye mistari yakala pembe, udongo ukaoshwa kwa muda mrefu sana, yakabaki mabonge yamekaa juu ya mengine kama mnavyoliona Jiwe la Bismarck pale Kamanga. Kwa hiyo ukisema "kiwanja changu kina mwamba" bado hujaniambia kitu. Kuna mwamba mama, ulioshikana na ardhi, huo unabeba nyumba na ghorofa juu yake. Na kuna bonge, limekaa tu juu ya udongo. Kwa macho vinafanana.

Kuvitofautisha kunahitaji jasho, si mashine. Gonga kwa nyundo kubwa: mwamba mama unatoa mlio mkavu na nyundo inakurudi mkononi, jiwe lenye uwazi chini linatoa mlio wa kuvuma. Lakini sauti ni dalili tu. Chimba pembeni yake mpaka uone linapokaa. Chukua nondo ya milimita 6, isukume pale chini jiwe linapokutana na udongo. Ikiingia kiwiko kizima bila kukwama, hilo ni bonge. Tazama pia ule mstari ambapo jiwe linazama ardhini. Jiwe lote la nje limeshika ukoga, madoa ya kijivu na ya rangi ya chungwa yaliyokaa miaka. Ukiona chini kuna ukanda mweupe, safi, hauna doa hata moja, ujue udongo umeondoka hapo karibuni au jiwe limesogea. Nikikuta ukanda huo juu ya nyumba ya mtu namwita mwenye nyumba hapohapo, sisubiri kumaliza chai.

Lenu kwa maelezo yako liko katikati ya kiwanja, yaani chini ya mahali ninapowaambia mjenge. Udongo wote wa juu umeliegemea. Fundi wenu akilichoma, atakuwa ameondoa kitu kilichozuia mteremko usishuke, kisha atawajengea juu ya mteremko huohuo. Kuchoma mawe ni kazi ya zamani hapa kwetu na wapasua kokoto wanaijua vizuri: unawasha kuni juu ya jiwe, gamba linapata joto, linavimba na kubanduka kama ganda la yai lililochemshwa, unamalizia kwa nyundo na kabari. Kwa kokoto ni sawa. Kwa jiwe lililobeba mlima, moto haukuulizi ufa uingie mpaka wapi. Isitoshe jiwe hilo liko ndani ya zile mita 60. Liacheni.

Mama mkwe muulizeni sababu zake, taratibu, siku mnapochambua mchele, si mbele ya fundi. Inawezekana ni mambo ya wazee, inawezekana anaogopa nyoka waliomo, inawezekana aliwahi kuona jiwe likishuka. Vyovyote iwavyo, kwa hesabu ya ujenzi ameshinda.

Hapa sasa ndipo nyumba nyingi za miamba hapa mjini zinapoharibikia, kwa hiyo nisome polepole. Wazo la kujaza kifusi kule chini na kumwaga jamvi juu yake ni baya mara mbili. Kwanza, chini kuna udongo wa mbuga. Masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, na kila ukipumua unainua kilichokaa juu yake. Pili, upande mmoja wa nyumba utakuwa umekalia mwamba usiotitia hata milimita, upande wa pili umekalia kifusi kitakachotitia kila mwaka. Ukuta utakatika pale vinapokutana. Ufa wake unautambua ukiwa barabarani: unaanzia kona ya dirisha, unashuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya bloku, juu mpana, chini mwembamba. Ukiuziba kwa plasta, masika ijayo unakuta umefunguka palepale.

Kwa hiyo, kule juu, kabla ya ramani, chimbeni mashimo matano: moja kila kona ya nyumba inayotarajiwa, la tano katikati. Chimbeni mpaka mwamba mama au mpaka udongo mgumu ambao mtaimbo unauma mkono. Andikeni kina cha kila shimo kwenye karatasi na mumpe mchoraji karatasi hiyo pamoja na hati. Mchoraji anayewachorea bila kuiomba, mlipeni nauli arudi kwake.

Mashimo yote yakigota kwenye mwamba mama, furahini. Msingi hauhitaji kwenda chini, unahitaji kushika. Zege lisimwagwe juu ya mwamba unaoteleza. Mwamba uchongwe kwa tindo uwe ngazi, kila ngazi imelala sawa kwa pima maji. Uoshwe, usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka vumbi liishe. Yatobolewe matundu ya kina cha sentimita 30, nondo za milimita 12 zisimikwe humo kwa saruji nzito, vichwa vyake vibaki juu viingie kwenye mkanda wa zege wa msingi. Hapo nyumba na mwamba vimefungana. Fundi akikuambia nondo hizo ni za kupoteza hela, mwambie hela ni yako.

Mashimo mawili yakigota kwenye mwamba na mengine yakaingia kwenye udongo, ambayo ndiyo hali ya kawaida kule kwenu, msiunganishe. Jengeni nyumba mbili zilizokaribiana kwa kiungo: uwazi wa sentimita mbili na nusu kuanzia msingi, ukutani, mpaka kwenye paa, umezibwa kwa kitu laini na kufunikwa kwa ubao au bati. Kila upande utitie kwa kadiri yake. Pitisheni kiungo hicho kwenye ukumbi mwembamba wa kupita, ambako hakuna mtu wa kukitazama.

Kiungo hicho pia ni rafiki wa mkopo wenu. Sehemu ya juu mnaweza kuijenga kwanza, mkahamia, sehemu ya chini ikasubiri kikundi kizunguke tena. Na kwa sababu ardhi inashuka, sehemu hizo mbili zisiwe kimo kimoja. Ya juu iwe karibu na kimo cha geti: sebule, jiko, chumba cha mama mkwe na choo chake, pasiwe na kizingiti hata kimoja. Kutoka getini hadi mlangoni wekeni njia isiyo na ngazi, kila sentimita moja ya kupanda au kushuka ipewe sentimita kumi na mbili za kwenda mbele, na milango yake iwe na upana wa sentimita 90; magoti ya leo kesho yanaweza kuhitaji kiti cha magurudumu. Sehemu ya chini ishuke mita 1.2, yaani ngazi nane za sentimita 15. Huko mtalala nyinyi na watoto, wenye magoti mazima.

Nyuma, upande wa barabara, mtakuwa mmekata mlima kidogo. Ukuta wa kushikilia udongo ujengwe kwa mawe, mnayo bure. Mnene chini, mwembamba juu, na msisahau matundu ya kutolea maji, kila baada ya mita moja na nusu, nyuma yake kokoto. Kuta za namna hii mara nyingi haziangushwi na udongo. Zinaangushwa na maji yaliyokosa pa kutokea. Juu ya ukuta chimbeni mtaro wa kukinga maji ya barabarani na kuyapeleka pembeni. Mvua ya Mwanza ikipiga kwenye mwamba haizami, yote inashuka kwa pamoja.

Luchelele inatazama machweo. Maana yake upande wenye ziwa ndio huohuo wenye jua la jioni, ndio huohuo wenye upepo wa mchana. Hapo huwezi kufunga wala kufungua kabisa. Dawa yake ni baraza: pana, mita mbili na nusu, paa limeshuka chini, na madirisha makubwa yawe nyuma ya kivuli hicho. Kuta za kaskazini na kusini ziwe na madirisha yanayotazamana ili hewa ipite. Jua la kwetu linapita karibu na utosi, upande huo halisumbui. Kuta ndefu zisitazame magharibi. Na kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zifungwe kwenye mkanda wa juu kwa nondo zilizoachwa tangu zege linamwagwa, si misumari peke yake. Upepo unaotoka ziwani kabla ya mvua unaingia chini ya baraza na kusukuma paa juu. Baraza bila kufunga kenchi ni tanga.

Choo mmekisahau wote, hata wewe muuguzi. Shimo la kunyonya maji kwenye mwamba halinyonyi. Maji machafu yatateleza juu ya mwamba chini ya udongo, yatokee kwenye matete yenu, ambako watoto watakuwa wanacheza. Kama mtaa wenu umefikiwa na bomba la majitaka, jiungeni, hata kama linapita juu ya mawe. MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, wamefanya hivyo kwenye vilima vya mjini kama Igogo. Kama halijafika, jengeni tangi lililozibwa pande zote, lisilovuja, linalonyonywa na gari. Liwe pembeni mwa nyumba, chini kidogo ya vyoo ili maji yateremke yenyewe. Kabla ya kulichimba, mpigieni simu mwenye gari la majitaka mmuulize bomba lake lina urefu gani kutoka barabarani. Nimeona tangi zuri sana ambalo hakuna gari la jiji hili linaweza kulifikia.

Maji safi, tumieni paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mwanza inapata kama milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita 120 za mraba, ukitoa yanayomwagika, linakupa kama lita 96,000. Watu saba kwa lita 20 kila mmoja ni lita 140 kwa siku, basi tangi la lita 15,000 linawavusha Juni hadi katikati ya Septemba, vuli ikikaribia, kwa kupika, kunywa na kuoga kwa adabu. Maji ya ziwani kwa kuoga watoto, unajua kuliko mimi habari za kichocho na wale konokono wa kwenye majani. Yakikaa kwenye tangi safi lililofunikwa siku mbili kabla ya kutumika, vijidudu vyake hufa. Ila kuwazuia watoto wasiende kuogelea ndani ya matete ni kazi ya ukuta na ya mama mkwe.

Wadudu wa ziwani hawaumi. Wanapanda kutoka majini kwa wingi siku fulani za mwezi, na wanafuata taa. Ubaya wao ni asubuhi, unapofagia marundo yaliyokufa chini ya balbu, yananuka samaki aliyelala. Taa ya nje ya upande wa ziwa msiiweke ukutani. Iwekeni kwenye nguzo mbali na nyumba, iwavutie huko. Taa za baraza ziwe na swichi yake peke yake. Wavu wa kawaida wa mbu baadhi wanapenya, ulizeni wenye matundu madogo zaidi kwa madirisha ya jikoni na sebuleni. Ugali uleni mapema siku hizo.

Na hapo kwenye jiwe mtakuta pimbi na yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu. Mjusi hana neno. Pimbi wanachagua mahali pamoja pa kukojolea na jiwe linabaki na michirizi myeupe. Hawaondoki kwa kupigiwa kelele, kwa hiyo kamba ya nguo msiifunge huko.

SWALI

Fundi, za kazi? Nimejenga Igombe, si mbali na mwalo. Radi za usiku zinatisha. Jirani ananishauri nipande mti mrefu karibu na nyumba uwe unavuta radi badala ya bati langu.

Kijana wa Igombe

JIBU

Salama kijana. Usiku upepo wa nchi kavu unashuka kutoka pande zote za ziwa na kukutana katikati, juu ya maji yenye joto. Ndiyo maana dhoruba zenu zinakuja usiku na alfajiri, na ndiyo maana ziwa hili ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi duniani. Mti karibu na ukuta si kinga. Radi ikiupiga inaruka kutoka kwenye shina kwenda kwenye nyumba, na ukianguka unaangukia bati.

Weka kinga ya radi yenyewe: ncha ya shaba juu ya paa, waya mnene unaoshuka moja kwa moja bila kona kali, hadi ardhini. Igombe fimbo ya shaba ya kupeleka radi ardhini inagota kwenye mwamba kabla haijafika popote, kwa hiyo chimba mtaro kuzunguka nyumba, laza waya wa shaba humo na ufukie kwa udongo unaokaa na unyevu. Afanye fundi umeme mwenye leseni na apime. Wakati wa radi toka majini, kaa mbali na bomba, na chomoa televisheni kabla dhoruba haijafika, si ikiwa juu ya paa.

SWALI

Naomba kuuliza kifupi. Mchanga wa pale ufukweni ni bure na ni mzuri kwa macho. Naweza kujengea?

Msomaji, Kayenze

JIBU

Hauna chumvi, ndiyo, kwa hiyo hautakula nondo kama wa bahari. Lakini mara nyingi ni laini mno, una tope na vipande vya magamba ya konokono, na saruji haishiki vizuri. Tena ukiuchota ufukweni unalikaribisha ziwa kwako mwenyewe, na uchimbaji bila kibali utakufikisha ofisini kwa watu usiotaka kuwajua.

Nunua mchanga wa mto, lakini usiuamini kwa sababu ya jina. Chukua chupa ya maji inayoonyesha ndani, jaza mchanga nusu, ongeza maji karibu ijae, tikisa sana, iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, tope litakaa juu yake kwa mstari unaoonekana. Tope likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, rudisha lori kabla halijamwaga.